Michael Faraday, mtu asiyepata diploma



Sisi wa mwaka wa sita tunangoja Egzamini ya Serikali, na kila usiku katika chumba cha kulala neno ni lile lile: asiyepata diploma atafanya nini? Wenzetu wengine wamekwisha kurudi kwao mbele ya egzamini, sababu ya feza ya masomo. Basi nimetafuta maisha ya mtu aliyekosa hata sekondari.

Michael Faraday alizaliwa karibu na London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mfua chuma, tena mgonjwa. Shuleni mtoto alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipokuwa na miaka 13 akaingia kazi kwa Bwana Riebau, muuza vitabu, kupeleka magazeti kwa watu. Mwaka 1805 akaanza kujifunza kazi ya kushona vitabu na kuvitia ngozi. Miaka saba!

Hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Yeye hakushona tu, alisoma pia vile alivyoshona. Habari za umeme alizikuta ndani ya kitabu kilicholetwa kutengenezwa. Riebau hakumkataza, na hiyo si kitu kidogo: kwetu ni mafundi wangapi wanaomwacha kijana wao ashike kitabu saa ya kazi? Kaka yake, mfua chuma naye, alimlipia shilingi moja moja aingie kusikiliza mafundisho ya jioni.

Mwaka 1812 mteja mmoja akampa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, mwalimu mkubwa wa kemia. Faraday aliandika yote, akachora na vyombo, kisha akashona kitabu cha kurasa karibu 300 kwa mikono yake, akamtumia Davy. Davy alipendezwa, lakini kazi haikuwako. Ni mwaka 1813, msaidizi mmoja alipofukuzwa sababu ya kupigana, ndipo Faraday akaitwa kutengeneza vyombo vya majaribio. Katika safari yao ya Ulaya bibi wa Davy alimtendea kama boyi. Akavumilia.

Mwaka 1831 akavumbua kwamba sumaku ikitembea ndani ya waya uliozungushwa, umeme unazaliwa. Mwaka 1832 chuo kikuu cha Oxford kikampa udaktari wa heshima, yeye asiyekuwa na diploma hata moja.

Lakini sitaki kuwadanganya. Hesabu ilimshinda maisha yake yote. Mawazo yake yalingoja Maxwell, mtu wa chuo kikuu, ayaandike kwa hesabu. Wanaosema shule ni bure wasimchukue Faraday kuwa shahidi wao. Alikufa mwaka 1867, akiisha kukataa cheo cha kuitwa Sir.

Mitambo ya Inga, ile ya 1972 na ile ya 1982, inafanya umeme kwa njia hiyo aliyoiona. Hata mashini yetu nyuma ya jiko ni vile vile, ile ninayoizima saa tatu usiku na ninyi mnaninung'unikia. Fundi wake naye hakufanya Egzamini ya Serikali. Amekubali kuifungua siku ya posho mchana, atuonyeshe waya na sumaku. Wanaotaka waje na daftari.