John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda aliyeweka rekodi ya dunia katika njia ambayo wakimbiaji hawaipendi

Mjini Kindu, mazungumzo ya michezo ni kabumbu kwanza, hasa tangu AS Maniema Union ifike hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025. Mbio za miguu huzungumzwa kidogo. Lakini katika inchi jirani ya Uganda kulikuwa na mtu aliyefanya jambo ambalo hakuna mwanadamu alikuwa amelifanya kabla yake: John Akii-Bua.

Alizaliwa mwaka wa 1949 upande wa Lango, kaskazini mwa Uganda, katika jamaa kubwa ya shefu mwenye wake wengi. Utotoni alichunga ng'ombe. Akiwa bado kijana aliingia polisi mjini Kampala, na huko ndiko kipaji chake kilionekana. Alianza na mbio za mita 110 za kuruka viunzi, kisha kocha Mwingereza Malcolm Arnold akamhamishia mita 400, zenye viunzi 10. Mwaka wa 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa 4.

Kisha akajifunza kwa bidii kubwa, mara nyingine akikimbia huku amevaa koti lenye uzito, ili siku ya mashindano mwili uwe mwepesi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, Ujerumani. Kwenye fainali alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambapo kona ni kali na kuruka viunzi ni kugumu zaidi. Mwingereza David Hemery, bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya sekunde 48,12, alianza kwa kasi. Kwenye kona ya mwisho Akii-Bua akampita, akamaliza kwa sekunde 47,82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Mmarekani Ralph Mann alikuwa wa 2, Hemery wa 3. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda. Baada ya kumaliza hakusimama: aliendelea kukimbia na kuruka viunzi kwa furaha.

Nyumbani, serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini yeye alikuwa Mlango, na Walango wengi waliuawa chini ya utawala huohuo. Bingwa alisifiwa huku watu wa kwao wakiishi kwa hofu.

Mwaka wa 1976 alitazamia kutetea medali yake Montreal. Uganda, pamoja na inchi nyingine nyingi za Afrika, ikasusia Olimpiki hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mmarekani Edwin Moses alishinda na kuifuta rekodi yake. Wawili hao hawakupata kupambana wakati Akii-Bua alikuwa katika nguvu zake zote.

Amin alipoanguka mwaka wa 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya na jamaa yake, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka wa 1980 alikimbia Moscow, akaishia nusu fainali.

Baadaye alirudi Uganda, akawa tena polisi na kocha wa vijana. Alifariki mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, mke wake akiwa amemtangulia. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London mwaka wa 2012.