Mtakatifu Monika: Mama Aliyemlea Mwana Hadi Akachagua Mwenyewe



Wazazi wengi katika jumuiya zetu wana swali moja, ingawa kila mmoja hulisema kwa namna yake. Kijana amekataa kwenda kusali. Binti anataka kuolewa na mtu ambaye wazazi hawamfahamu. Mtoto aliyezaliwa huku ukimbizini anaona mafundisho ya nyumbani ni hadithi za wazee. Mzazi anajiuliza: nimlazimishe, au nimwache? Katika toleo hili tumeona vema kusimulia maisha ya mama mmoja wa Afrika aliyelibeba swali hilo karibu miaka kumi na mitano.

Utoto wake

Monika alizaliwa karibu mwaka 332 katika mji wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini. Leo mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko nchini Algeria. Habari zake tunazipata hasa kwa mwanawe Augustino, katika kitabu chake kiitwacho Maungamo, alichokiandika kuanzia karibu mwaka 397.

Monika alilelewa katika nyumba ya Kikristo. Aliyewaangalia mabinti wa nyumba hiyo alikuwa mtumishi mzee, ambaye zamani alimbeba mgongoni baba yake Monika. Mama huyo alikuwa mkali. Hakuwaruhusu mabinti kunywa hata maji nje ya saa za chakula. Aliona kwamba wakizoea kunywa ovyo wangali wadogo, siku watakapoolewa na kushika funguo za ghala watakunywa divai vilevile.

Hata hivyo, Monika alipokuwa akitumwa kuchota divai kwenye pipa, alianza kuionja. Leo kidogo, kesho kidogo, hadi akawa anakunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Mlezi wake hakujua. Siku moja kijakazi aliyezoea kwenda naye ghalani aligombana naye, akamwita mlevi. Neno hilo lilimchoma Monika. Alijitazama, akaona ni kweli, akaacha papo hapo.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Amri ya mlezi ilikuwa njema, lakini ilifika mwisho pale macho ya mlezi yalipofika mwisho. Monika alipona siku alipouona ubaya huo kwa macho yake mwenyewe.

Mama wa Augustino

Monika aliolewa na Patricius, mtu wa baraza la mji. Hakuwa Mkristo, na alikuwa na hasira za haraka. Monika hakumshinda kwa mabishano. Patricius alikuja kubatizwa mwishoni mwa maisha yake, karibu mwaka 371.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354. Alikuwa na akili nyingi, na wazazi wote wawili walitamani asome afike mbali. Shuleni alichapwa sana. Mtoto alimwomba Mungu asichapwe, na wazazi wake walimcheka. Alipokuwa mtu mzima, Augustino aliandika kwamba Kilatini alikijua bila taabu kwa kuwasikiliza walezi waliocheka na kucheza naye, lakini Kigiriki alichofundishwa kwa vitisho alikichukia. Akaona kwamba hamu ya mtoto mwenyewe humfundisha kuliko hofu.

Karibu mwaka 371 alikwenda Carthage kwa masomo ya juu. Huko alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Alipofika umri wa miaka 19 alijiunga na Wamanikei, watu walioamini kwamba kuna nguvu mbili zinazopigana duniani, ya nuru na ya giza. Akabaki upande wao miaka tisa.

Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika hakutaka akae nyumbani kwake wala ale naye meza moja. Mzazi aliyewahi kumfungia mtoto mlango anajua uchungu wa siku kama hizo. Ndipo Monika akaota ndoto: amesimama juu ya ubao akilia, na kijana mwenye uso wa furaha akamwambia atazame, kwani pale aliposimama yeye, mwanawe naye yupo. Akageuka, akamwona Augustino kando yake juu ya ubao uleule. Baada ya ndoto hiyo alimfungulia mlango, wakala tena pamoja. Mafundisho ya Wamanikei aliendelea kuyakataa, lakini mwana alimpokea.

Ushauri wa askofu

Monika alimwendea askofu mmoja na kumsihi azungumze na mwanawe, amshinde kwa hoja. Askofu huyo alikataa. Yeye mwenyewe alilelewa kwa Wamanikei tangu utotoni, akasoma vitabu vyao na hata kuvinakili kwa mkono. Alitoka kwao bila mtu yeyote kubishana naye, baada ya kuona mwenyewe kwamba si kweli. Alimshauri Monika amwache kijana kwa sasa na kumwombea, kwa kuwa katika kusoma kwake atagundua kosa lake. Monika alizidi kulia na kusihi, hata askofu akachoka. Akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama hayo akapotea.

Ikawa kama alivyosema. Mwaka 383 Fausto, kiongozi mashuhuri wa Wamanikei, alifika Carthage. Augustino alimuuliza maswali aliyokuwa ameyaweka kwa muda mrefu, akakuta hana majibu. Tangu hapo imani hiyo ilianza kumtoka.

Usiku wa bandarini

Mwaka huohuo Augustino aliamua kwenda Roma. Monika alimfuata hadi bandarini, akimshika na kumsihi arudi naye nyumbani au waende pamoja. Augustino alimdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Monika alikwenda kukesha katika kanisa la shahidi Sipriani lililokuwa karibu. Kulipokucha, jahazi lilikuwa limeondoka na mwanawe ndani yake. Alilia pwani kama mwenye msiba, kisha akarudi nyumbani kuendelea kumwombea.

Mwaka 384 Augustino alipata kazi ya kufundisha ufundi wa kuhutubia mjini Milano. Huko alianza kumsikiliza Askofu Ambrosi. Mwanzoni alipenda ufasaha wake tu, lakini pole pole maneno yenyewe yakamwingia. Monika alivuka bahari, akamfikia mwaka 385. Augustino alimwambia kwamba si Mmanikei tena, lakini bado si Mkatoliki. Mama hakumsukuma. Kwa utulivu alimjibu kuwa anaamini atamwona Mkatoliki kabla ya yeye kuiaga dunia.

Lakini tusifiche jambo moja. Mjini Milano Monika alijitahidi sana kumtafutia mwanawe ndoa yenye heshima. Mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi alirudishwa Afrika, akamwacha mtoto wake. Mchumba aliyechaguliwa alikuwa bado mdogo, ikabidi kusubiri karibu miaka miwili. Katika kusubiri huko Augustino alijichukulia mwanamke mwingine, na moyo wake uliendelea kuvuja damu kwa yule wa kwanza. Mama mwema alimchagulia mwanawe, na uchaguzi huo haukumponya mtu.

Bustanini

Uponyaji ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 386, akiwa bustanini katika mapambano makubwa ya moyo, Augustino alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimtaka achukue asome. Alifungua Waraka kwa Warumi, akasoma mistari michache, na mashaka yake yakaisha. Kisha yeye na rafiki yake Alipio waliingia ndani kumweleza Monika, naye akashangilia. Mama alikuwa akimtafutia ndoa na wajukuu. Mwana alichagua kumtumikia Mungu bila kuoa, jambo kubwa kuliko lile mama alilolipanga. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi alimbatiza Augustino pamoja na Adeodatus na Alipio.

Kaburi la ugenini

Mwaka huohuo walianza safari ya kurudi Afrika. Katika bandari ya Ostia, karibu na Roma, Monika alishikwa na homa. Kwa miaka mingi alikuwa ametaka azikwe nyumbani kando ya mumewe, na mahali alikuwa ameshapaandaa. Mwanawe mwingine, Navigius, alimtakia asife ugenini. Monika alimtazama kwa jicho la kumkemea, akawaambia wauzike mwili wake popote. Alichoomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Siku chache kabla, alikuwa amewaambia rafiki za mwanawe kwamba hakuna mahali palipo mbali kwa Mungu. Alifariki siku ya tisa ya ugonjwa, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Sisi tuliowaacha wapendwa wetu katika makaburi ya njiani tunalielewa neno hili. Mama huyu alikuwa ameshajifunza kumwacha mwanawe mikononi mwa Mungu. Mwishoni aliuacha hata mwili wake mwenyewe.

Augustino alirudi Afrika mwaka 388. Alimlea Adeodatus kwa mazungumzo ya kuuliza na kujibu, na karibu mwaka 389 aliandika kitabu kiitwacho Mwalimu, ambamo baba na mwana wanajadiliana. Baadaye alishuhudia kwamba mawazo yote aliyoyaandika kwa jina la kijana huyo yalikuwa ya kijana mwenyewe, aliyekuwa na miaka 16. Mwana huyo alifariki angali kijana. Augustino akawa Askofu wa Hippo, akafariki tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa umezingirwa na vita.

Tunalojifunza

Ndugu wazazi, Monika hakumtupa mwanawe, wala hakuacha kumwambia alichoamini. Alimpa jina la Kristo tangu utotoni, na Augustino alikiri kwamba hata katika vitabu vya wapagani alilikosa jina hilo. Hiyo ndiyo kazi yetu: kupanda mapema, kuishi tunachokisema, kuweka meza moja ya chakula hata pale tusipokubaliana, kuuliza na kusikiliza kabla ya kuamua. Mtoto bado mdogo tumwekee mipaka. Lakini akikua, ndiyo yake kwa Mungu ni lazima itoke kinywani mwake. Sisi hatuwezi kumsemea.

Nanyi vijana, kumbukeni kwamba uhuru wa Augustino haukuwa wa kukimbia tu. Aliuliza, alisoma, alichunguza, na alipoiona kweli hakuikimbia.

Sikukuu ya Mtakatifu Monika ni tarehe 27 Agosti, kesho yake ni ya Mtakatifu Augustino. Jioni ya siku hizo mbili, kila familia iwape watoto nafasi ya kusema wanachokiamini na sababu yake, na wazazi wasikilize hadi mwisho bila kuwakatiza.

Mungu azibariki familia zetu.