Fanny Crosby: Mtoto Asiyeona Aliyeliachia Kanisa Nyimbo



Tulipokaa kupanga nyimbo za sikukuu hii tuligundua jambo moja. Nyimbo mbili ambazo kwaya yetu imeziimba tangu ilipoanza, Usinipite na Ndiyo Dhamana, zilitungwa na mtu mmoja, naye alikuwa mwanamke. Jumapili iliyofuata tuliwauliza watoto wa shule ya Jumapili kama wanamjua aliyezitunga. Mmoja alisema ni Mfalme Daudi. Mwingine alisema ni mwalimu wetu wa kwaya. Tulicheka, lakini baadaye tuliona kwamba kosa ni letu. Tumewafundisha watoto maneno na sauti za nyimbo hizi, ila hatukuwahi kuwaeleza zilitoka kwa nani. Basi kurasa hizi ni zao. Wazazi, tunawaomba mzisome pamoja nao mkifika nyumbani.

Jina lake ni Frances Jane Crosby, lakini watu wengi walimwita Fanny, na alipozeeka wakamwita Shangazi Fanny. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika kijiji cha Southeast, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida wa shamba. Alipokuwa na majuma sita hivi, macho yake yalishikwa na ugonjwa. Daktari wa kijiji hakuwapo, akaitwa mtu aliyejidai kuwa anajua tiba, naye akamwekea mtoto dawa ya moto machoni. Ugonjwa ulipona, lakini Fanny hakuona tena, na familia yake iliamini maisha yake yote kwamba dawa ile ndiyo iliyomharibu. Fanny mwenyewe alipokua hakumwekea mtu yule kinyongo.

Kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, baba yake alifariki. Mama yake, Mercy, alikuwa bado msichana wa miaka 21 hivi. Ilimbidi aende kufanya kazi za nyumba kwa watu ili wapate chakula, na mtoto akabaki na nyanya yake, aliyeitwa Eunice.

Watoto, msimpite huyu nyanya haraka. Yeye hakuwa mwalimu, wala hakuwa na fedha. Lakini aliamua kwamba mjukuu wake ataijua dunia hata kama haioni. Alimchukua nje, akamwekea maua mkononi ayapapase na kuyanusa. Alimfundisha kumtambua kila ndege kwa mlio wake. Alimweleza jua linapotua mbingu zinakuwaje. Jioni alimsomea Biblia, akirudia polepole mpaka mtoto ashike. Mama naye aliweka akiba kidogo kidogo, na Fanny alipokuwa na umri wa miaka kama mitano akampeleka mjini New York kwa daktari bingwa, Valentine Mott. Daktari alimchunguza akawaambia ukweli kwamba macho hayawezi kupona. Mama alirudi nyumbani na huzuni kubwa.

Baadaye walihamia Ridgefield, katika jimbo la Connecticut, nyumbani kwa mama mmoja aliyeitwa Hawley. Huyu naye alimpenda mtoto. Kila juma alimpa sura za Biblia za kukariri, mpaka sura tano kwa juma. Fanny alipokuwa kijana alikuwa na vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na Zaburi nyingi, vyote kichwani. Alipokuwa na miaka minane alitunga shairi lake dogo la kwanza, na ndani yake alisema hatakaa akilia kwa sababu ya upofu, kwani ana baraka ambazo watu wengine hawana.

Hata hivyo alitamani shule. Watoto wenzake walikwenda kusoma naye akabaki nyumbani, na jambo hilo lilimuuma kuliko upofu wenyewe. Mwaka 1835, akikaribia miaka 15, mama yake alipata habari ya shule ya wasioona mjini New York. Fanny alipokelewa. Huko alijifunza piano, kinanda, kinubi na gitaa, na aliimba sauti ya kwanza vizuri sana. Aliendelea kutunga mashairi, na sifa zikaanza kumpanda kichwani kidogo. Msimamizi wa shule alimwonya, kisha akamkataza kutunga kwa miezi mitatu. Wakati huo alitembelea shule mgeni kutoka Scotland, George Combe, akawaambia walimu kwamba msichana huyu ana kipawa cha ushairi na wamsaidie badala ya kumzuia. Kutoka hapo walimu walianza kumtafutia vitabu na kumsahihisha kwa upendo. Fanny alijifunza mambo mawili: kipawa si cha kujivunia, tena si cha kufichwa.

Mwaka 1844 alisimama mbele ya wabunge wa Marekani mjini Washington, akakariri mashairi yake ili kuwaomba waisaidie elimu ya wasioona. Siku hizo ni wanawake wachache mno waliosimama mahali kama hapo. Mwaka huo huo kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilichapishwa. Kisha alifundisha katika shule ile ile, kuanzia 1847 hadi 1858. Kipindupindu kilipoingia New York mwaka 1849, watu wengi waliukimbia mji, lakini yeye alibaki akawauguza wagonjwa. Kijana mmoja aliyefanya kazi shuleni pale alikuwa akimwandikia mashairi yake aliyoyasema kwa mdomo. Aliitwa Grover Cleveland, na baadaye akawa Rais wa Marekani. Waliendelea kuwa marafiki.

Mwezi wa Novemba 1850, katika mkutano wa Injili wa Wamethodisti, Fanny alijitoa kwa Bwana kwa moyo wake wote. Alikuwa akiijua Biblia tangu utoto, lakini mwenyewe aliihesabu siku ile kuwa mwanzo mpya.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwalimu wa muziki na mpiga kinanda, ambaye pia hakuona. Walipata mtoto mmoja, naye akafa akiwa mchanga. Fanny hakupenda kulizungumzia jambo hilo mbele za watu. Lakini mwaka 1868 rafiki yake William Doane alimjia na sauti ya wimbo isiyo na maneno, akamwambia ana dakika 40 hivi tu kabla ya kupanda gari la moshi. Fanny aliisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na wimbo kuhusu usalama uliopo mikononi mwa Yesu. Wimbo huo umewafariji akina mama wengi waliofiwa na watoto, na sisi tunaamini kwamba aliyeutunga alijua anachokisema.

Tunataka watoto wetu washike jambo hili pia: Fanny alianza kazi ya kutunga nyimbo za kanisa mwaka 1864, alipokutana na mwanamuziki William Bradbury. Alikuwa na umri wa miaka 43. Kabla ya hapo alikuwa ametunga mashairi mengi na nyimbo za kawaida, lakini kazi anayokumbukwa nayo duniani ilikuwa bado mbele yake. Tangu mwaka huo hadi uzee wake alitunga nyimbo zaidi ya 8,000. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba wachapishaji waliona aibu kujaza kitabu kizima jina moja, wakatumia majina ya bandia, karibu 200. Alitunga kichwani. Angeweza kuzishika nyimbo nyingi akilini kwa pamoja, kisha akamwambia mtu aziandike moja baada ya nyingine.

Usinipite ni wa mwaka 1868. Alikuwa amekwenda kuzungumza na wafungwa gerezani, na inaelezwa kwamba kilio cha mfungwa mmoja aliyeogopa kusahauliwa na Bwana ndicho kilichozaa wimbo ule. Sauti yake iliwekwa na Doane. Ndiyo Dhamana ni wa 1873. Rafiki yake Phoebe Knapp alimpigia sauti aliyoitunga, akamuuliza inamwambia nini. Fanny alijibu papo hapo, na jibu lake ndilo wimbo tunaouimba leo.

Je, alitajirika? Hapana. Kwa wimbo mmoja alilipwa dola moja au mbili. Hata hicho kidogo alikigawa. Aliishi miaka mingi katika vyumba vya kupanga kwenye mitaa ya maskini ya Manhattan, na alikwenda katika vituo vya Injili kukaa na walevi na watu wasio na makao, akiwashika mkono na kuwaita wanangu. Mumewe alifariki mwaka 1902. Yeye mwenyewe alilala tarehe 12 Februari 1915 katika mji wa Bridgeport, Connecticut, yakibaki majuma machache atimize miaka 95. Kaburini kwake liliwekwa jiwe dogo lenye jina la Shangazi Fanny na neno la Injili ya Marko kuhusu yule mwanamke aliyempaka Yesu marhamu, kwamba alitenda alivyoweza.

Sasa tuna neno la kuungama katika Jubilii hii, na tungependa watoto walisikie kutoka kwetu wenyewe.

Kwa miaka mingi kwaya yetu iliwapima watoto waliotaka kujiunga kwa njia moja. Tulimpa mtoto kitabu cha nyimbo, tukamwambia asome. Aliyeshindwa tulimwambia arudi mwaka ujao, na wengi hawakurudi. Miongoni mwao walikuwamo watoto wenye shida ya macho, na wengine waliokuwa wamekatizwa masomo kwa kukosa karo. Hatukuwa na nia mbaya. Tulitaka kwaya yenye utaratibu. Lakini tulipokuwa tukiandika habari hizi, mmoja wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa kipimo chetu, Fanny Crosby angerudishwa nyumbani. Hakuna aliyemjibu. Tungemfungia mlango yeye, halafu tukasimama madhabahuni kuimba nyimbo zake.

Kwa hiyo tumekubaliana. Kuanzia sasa, mtoto anayetaka kuimba hatapewa kitabu kwanza. Tutamwimbia mstari, naye ataurudia. Akishika, ameingia. Kusoma atajifunza akiwa ndani pamoja na wenzake, na asiyeweza kusoma kwa macho atafundishwa kwa masikio, kama Fanny alivyofundishwa.

Kazi hii inahitaji watu. Mwalimu wetu wa kwaya hawezi peke yake kukaa na kila mtoto akimrudia mstari mara kumi. Tunawaomba akina nyanya na akina guka wa kanisa hili, akina mama na akina baba, mtoe saa moja Jumamosi alasiri mketi na mtoto mmoja mmoja. Si lazima ujue nota. Mkumbukeni Eunice. Alijua mjukuu wake tu, naye hakuchoka kurudia.

Na kwa mzazi aliye na mtoto nyumbani ambaye humleti kanisani kwa kuogopa macho ya watu, tunakuomba msamaha ikiwa sisi ndio tuliokufanya uogope. Mlete. Kuna nafasi yake mstari wa mbele.

Watoto, leo tukiimba Usinipite sikilizeni vizuri. Wimbo huo umetoka kwa msichana aliyeambiwa na daktari kwamba hataona kamwe, akakua na kuzeeka, na bado unatufikisha mbele za Mungu zaidi ya miaka 100 tangu alale. Miongoni mwenu yumo mwenye wimbo ambao bado hatujausikia. Sisi tutakaa nanyi mpaka utoke.