Waliombeba Livingstone

David Livingstone alikuwa daktari na mmisionari, lakini mwishowe yeye ndiye aliyeuguzwa. Mwaka wa 1873, katika nchi tunayoiita leo Zambia, kuhara damu kulimmaliza nguvu hata hakuweza kutembea. Susi, Chuma na wenzao wakambeba kwa machela, wakamjengea kibanda kijijini kwa Chitambo. Usiku kijana Majwara alilala humo naye. Tarehe 1 Mei walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakata roho. Hata hapo hawakumwacha. Waliubeba mwili wake kwa miezi hadi Bagamoyo.

Uponyaji haukuja, lakini Mungu alimpa watu. Hiyo ndiyo Wagalatia 6:2. Je, jirani yako anauguza mtu? Wiki hii nenda umpokee zamu, naye alale.