Konga Vantu, muzungu wa Luanza

Wandugu wanafunzi, safari hii tunaandika juu ya Dan Crawford. Alizaliwa 1870 kule Gourock, inchi ya Scotland, akaacha kwao 1889. Alikuwa na miaka 18, sawa na sisi wa mwaka wa sita! Akafika Bunkeya kwa Mwami Msiri, ambaye naye alikuwa mgeni mu Katanga, Munyamwezi wa upande wa Tanzania. Msiri alipouawa mu Desemba 1891, watu wakatawanyika. Wengi walimfuata Crawford, ndiyo sababu wakamwita Konga Vantu, ni kusema mwenye kukusanya watu. Pamoja nao akajenga Luanza, kando ya ziwa Moero.

Alikaa miaka 22 bila kurudi kwao hata mara moja. Akatafsiri Biblia mu Kiluba-Sanga. Kitabu chake cha 1912 kinatangaza mu jina lake kwamba yeye anafikiri kama mweusi. Sisi tunaona neno hili limepita kipimo: ku Luanza alibaki bwana mukubwa, watu wakimutii kama chifu. Lakini alipokwenda Uingereza 1911, hakubaki kule. Alirudi Moero, akafia palepale Luanza mu Juni 1926, sababu ya kidonda kidogo cha mukono.