Halsted: Daktari wa Glavu na Kipimo Chake cha Siri

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru, akishaipita Chuka, huiona njia ipandayo mlimani kuelekea Chogoria. Hospitali ya huko iliasisiwa mwaka 1922 na Dakta Clive Irvine, mmishonari wa Kiskoti. Mwaka huo huo, tarehe 7 Septemba, alifariki huko Baltimore, Marekani, daktari mpasuaji aitwaye William Stewart Halsted. Kila mpasuaji avaaye glavu za mpira leo, awe Chogoria, Nkubu, Maua au Embu mjini, anafuata desturi iliyoenea kutoka chumba cha upasuaji cha bwana huyo. Glavu zake zinajulikana. Tulitakalo hapa ni lile alilolificha.

Halsted alizaliwa New York tarehe 23 Septemba 1852, katika nyumba ya wenye mali. Katika chuo cha Yale alisifika kwa mpira kuliko kwa vitabu. Udaktari ndio uliomtuliza. Alihitimu mwaka 1877, akaenda Ulaya kusoma kwa wapasuaji wa Vienna na Ujerumani, akarejea mwaka 1880 mkono hodari na moyo usiojua woga. Dada yake alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, Halsted alijitoa damu yake mwenyewe akamtia. Mama yake naye alimpasua nyumbani usiku wa manane, akamtoa vijiwe vya nyongo. Wote wawili wakapona.

Mwaka 1884 ikaja habari kutoka Vienna kwamba kokeini, dawa itokanayo na majani ya mti wa koka, hutia ganzi jicho. Halsted na wenzake wakaanza kujidunga wao wenyewe, wapate kujua ni mshipa upi wa fahamu ukidungwa hutia ganzi kiungo kipi. Sindano ya ganzi aipigayo daktari wa meno leo ina asili yake katika majaribio hayo. Lakini bei yake ilikuwa kali. Walikuwa hawajajua kwamba dawa ile hunasa, na baadhi ya wenzake hao iliwaangamiza. Mwaka 1885 Halsted alichapisha katika jarida la matabibu makala isiyo na kichwa wala miguu.

Alikuwa na rafiki, Dakta William Welch, naye hakumtupa. Mapema mwaka 1886 alimpeleka safari ya baharini, akidhani maji chumvi yatamwosha. Hayakumwosha. Mwezi Mei akaingia hospitali ya Butler, mji wa Providence, akakaa miezi saba. Huko alipewa mofini imtoe katika kokeini, kama walivyofanya matabibu wa zama zile. Alitoka na kamba ya pili shingoni.

Mofini ni bintiye kasumba. Neno hili siku hizi vijana hulijua kwa maana ya mawazo ya kikoloni yaliyomkaa mtu kichwani, wakasahau kwamba kwanza ni utomvu wa mmea wa afyuni. Unga unaowamaliza vijana wetu wa pwani nao ni wa ukoo huo huo, kwani heroini hutengenezwa kwa mofini.

Welch akamkaribisha Baltimore, akampa mahali pa kufanyia utafiti. Mwaka 1887 alirudi tena Butler, miezi tisa. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889 alikuwapo, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa wapasuaji. Lakini Halsted wa New York, mwenye haraka na makeke, hakuonekana tena. Huyu wa sasa alipasua polepole, akaihurumia nyama ya mgonjwa na kuchunga kila tone la damu. Alifundisha madaktari daraja kwa daraja, mwanafunzi akikabidhiwa kisu kidogo kidogo, na mtindo huo umeenea duniani. Muuguzi Caroline Hampton alipobabuka mikono kwa dawa ya kuulia vijidudu, Halsted aliagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Mwaka 1890 wakaoana.

Miaka yote hiyo alikuwa akitumia mofini. Mwenzake, Dakta William Osler, aliligundua jambo hilo, akaliandika katika kitabu kilichofungwa kisifunguliwe hadi mwaka 1969. Humo tunasoma kwamba kipimo chake kilikuwa kama miligramu 200 kwa siku, na kufikia mwaka 1898 alikuwa amekipunguza hadi nusu.

Basi alipona, au hakupona? Kwetu pwani nawasikia watu wakimcheka teja anywaye methadoni, eti amebadilisha dawa tu. Dawa hiyo ilianza kutumiwa hivyo New York katikati ya miaka ya 1960 na Vincent Dole na Marie Nyswander. Hunywewa mara moja kwa siku, huzuia arosto bila kumlevya aliyeizoea, na mtu akaweza kwenda kazini. Hapa Kenya ilianzia Mathari Desemba 1994 na miaka 20 juu yake, yaani 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Mimi namhesabu mnywaji huyo kuwa mgonjwa aliye katika tiba, na tofauti yake na Halsted ni kwamba yeye hupimiwa mbele ya muuguzi, ilhali Halsted alijipimia gizani. Na Halsted alikuwa na Welch, mshahara na mofini safi. Teja wa kichochoroni hana hata kimoja.

Embu na Meru msiba mkubwa zaidi ni pombe. Mei 2014 pombe yenye sumu iliua watu wengi Embu na kwingineko. Mlevi wa miaka mingi naye akiiacha kwa ghafla huweza kupatwa na kifafa, hata kufa, kwa hiyo kumfungia chumbani si dawa. Apelekwe hospitali.

Halsted mwenyewe aliuguzwa na vijiwe vya nyongo, ugonjwa ule ule aliomtibu mamake. Waliompasua ni wanafunzi wake, wakiwa na glavu mikononi. Caroline alimfuata mwaka huo huo, mwezi wa Novemba. Kitabu cha Osler kilibaki kimefungwa miaka 47 zaidi.