Marehemu Kanali Watkins na Mishahara ya Wachukuzi

Baada ya hesabu za mwaka, ni desturi ya kijitabu hiki kuwaletea wanachama na wazee habari za maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kututoka. Safari hii, kwa kuwa shughuli kubwa ya chama imekuwa kuwatazama wazee waliotumika jeshini, pamoja na wajane na mayatima wao, tumemchagua Bwana Oscar Ferris Watkins. Huenda wengine watauliza kwa nini achaguliwe Mzungu, tena ofisa wa serikali ya kikoloni. Naomba wavumilie, kwani habari zake ni habari za babu zetu zaidi kuliko zake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1877, mwana wa kasisi. Alisoma Oxford, akapigana katika Vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, na mwaka 1908 akaingia katika utumishi wa serikali ya Himaya ya Afrika ya Mashariki, ndiyo Kenya ya baadaye. Mpaka hapo hakutofautiana na maofisa wenzake. Kilichomtenga nao ni kazi aliyokabidhiwa mwaka 1914, Waingereza walipoanza kupigana na Wajerumani wa upande wa kusini: kuunda na kuongoza jeshi la wachukuzi.

Jina la Kiingereza la jeshi hilo, Carrier Corps, wananchi walilitamka Kariakoo, na bado linaishi Dar es Salaam na katika mtaa wa Kariokor, Nairobi, palipokuwa na kambi zao. Mchukuzi hakupewa bunduki. Alipewa mzigo, na namba, na ujira wa rupia tano au sita kwa mwezi. Wengi hawakujitolea; walikamatwa kwa amri ya serikali kupitia kwa machifu, na katika mwaka 1917 peke yake, chini ya Bwana John Ainsworth, watu zaidi ya laki moja walikusanywa katika miezi michache. Watkins alikuwa sehemu ya mtambo huo, wala haifai kumsafisha.

Lakini aliona yaliyotendeka, na hakunyamaza. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Waliouawa na kuhara damu, malaria na nimonia walikuwa maelfu kwa maelfu. Watu waliozoea ndizi au wimbi walilishwa unga wa mahindi ambao haukuiva, kwa sababu sufuria hazikutosha na safari haikungoja moto. Watkins aliwaandikia wakubwa wa jeshi mara nyingi kudai chakula kinachofaa, mablanketi na matibabu. Hesabu rasmi ya wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza ilipita 40,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanaona kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa karibu mara mbili ya hiyo.

Hapa ndipo mimi, nikiwa karani, ninapovutwa zaidi na mtu huyu. Sehemu kubwa ya mshahara wa mchukuzi iliwekwa hadi siku ya kufunguliwa kazi. Aliyekufa njiani basi aliacha jasho lake katika daftari. Watkins alijitahidi kuweka kumbukumbu za kila mtu, akijua kwamba bila kumbukumbu hakuna malipo. Hata hivyo mtu mmoja aliandikwa jina moja kambini na jingine katika kodi ya nyumba; makarani walikosea tahajia; majina ya vijiji yalifanana. Vita vilipokwisha, maelfu ya warithi hawakupatikana, na fedha zikabaki.

Watkins, na Ainsworth pamoja naye, walishikilia kwamba fedha hizo ni mali ya Waafrika, na kama mjane hapatikani, basi zitumiwe kwa manufaa ya watu wake. Mabishano na London yaliendelea miaka mingi baada ya vita. Mwisho Hazina ya Uingereza ilikataa.

Wazee wa pande zetu hizi wanajua upande wa pili wa mizani. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwagawia mashamba Wazungu waliotoka vitani, na mwaka uliofuata sehemu ya ardhi ya Wanandi, huko Kipkarren na Kaimosi, ilikatwa kwa ajili yao. Mchukuzi hakupata hata ekari. Reli ipitayo hapa Timboroa, iliyofika Eldoret mwaka 1924, ilijengwa kwa mikono ya Waafrika waliolazimishwa kazi wakati ambapo mishahara ya ndugu zao waliokufa vitani ilikuwa ingali ikibishaniwa. Mwaka 1928 ikazinduliwa sanamu ya Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na mchukuzi amo, amesimama pamoja na askari. Ni sanamu nzuri, lakini mjane hali shaba.

Watkins alishika vyeo vya juu katika idara ya mambo ya Waafrika, akagombana na wakubwa wake mara kwa mara. Mkewe, Bibi Olga, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1943. Wakati huo askari wa Afrika ya Mashariki walikuwa Ceylon, wakijiandaa kwenda Burma, na mishahara ya wachukuzi wa vita vya kwanza ilikuwa haijalipwa. Haikulipwa hata baadaye.